Walivyolijaza Jaruba la Somoe

Tangu aliposhuka kwenye basi pale Kitomanga, Somoe alikuwa anapewa hongera tu, na hakuna aliyemwambia za nini. Muuza mihogo ya kukaanga alimwambia, "Hongera dada, una watu wewe." Mwenye kibanda cha vocha naye akasema hivyohivyo. Stella, jirani yake, aliyekuwa anachota maji bombani, alitua ndoo kabisa ili aongee vizuri.

"Nenda bondeni ukaone. Hata nyumbani usipite. Mama yako kafanya jambo ambalo mimi wangu hajawahi kunifanyia."

"Jambo gani?"

"Nenda mwenyewe, mwenzangu. Nikikwambia nitakuharibia utamu."

Somoe alikuwa anatoka Nangurukuru kumuuguza wifi yake, dada wa mumewe, aliyejifungua na hakuwa na mtu wa kumshikia kibanda cha chakula. Simu yake ilikuwa imezimika chaji tangu alipofika huko. Kichwa kilimuuma kwa kukosa usingizi, miguu imevimba, na alichokitaka duniani ni mkeka na glasi ya maji. Lakini sifa zikizidi kiasi hicho mtu mwenye akili zake huingiwa na hofu. Alimwachia Stella mfuko wa nguo, akashika njia ya bondeni.

Alipofika kwenye tuta alisimama. Jaruba lake la mpunga lilikuwepo palepale, na tuta lake na mfereji wake, ila lile aliloliacha halikuwepo. Aliacha mistari ya vimche vyembamba, kimoja kimoja, na tope tupu katikati. Sasa palikuwa na msitu. Miche mikubwa ilisongamana bega kwa bega, na maji yamejaa mpaka ukingoni.

Asiyelima mpunga ataona huyu mwanamke hana shukrani, basi na aelezwe. Katika bonde lile mpunga hupandwa kwa mafungu. Mtu anashika miche mitano sita iliyokwisha kukomaa kitaluni, anaichomeka popote mkono unapofika, maji yanajazwa, na magugu yakichomoza anaitwa mpiga dawa. Ndivyo walivyolima wote, na mpiga dawa wa bonde zima alikuwa Bashiru, mume wa Somoe. Mwaka huu Somoe alifanya kama alivyofundishwa na Scholastica, bibi shamba wa mradi wa kilimo cha mpunga. Alipanda mche mmoja mmoja, ungali mchanga, kwa kufuata kamba yenye mafundo, na maji kidogo tu ya kulowanisha udongo. Kati ya mche na mche aliacha nafasi, na nafasi hiyo ndiyo iliyobeba kila kitu, kwa sababu ndipo kinapopita kipalizi cha kusukuma kwa mkono. Nafasi ikizibwa, kipalizi hakipiti. Kipalizi kisipopita, magugu yanapanda. Magugu yakipanda, inaitwa dawa, na dawa ndiyo Somoe aliyokuwa anaikimbia.

Bi Asumini, mama yake, alikuwa ameketi kwenye tuta ananawa matope, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyemaliza kazi yenye thawabu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Wifi yako hajambo? Mtoto anaendeleaje?"

"Hawajambo wote. Mama, huku kumetokea nini?"

"Kumetokea watu," Bi Asumini akasema, akacheka kidogo. "Ulituachia aibu, Somoe. Kila anayepita hapa anacheka. Huyu anasema binti Asumini mbegu zimemwishia. Huyu anasema kalogwa. Mwingine ananiuliza kama umeacha njia ya kupitisha ng'ombe, na ng'ombe hatuna. Nikasema hapana, mwanangu asirudi akakuta kejeli. Nikawazungukia wenzangu, kila mmoja katoa miche iliyombakia kitaluni. Tumeziba kote. Na vile vyako vilivyokuwa kimoja kimoja, vinatia huruma kama mayatima, tumevipa wenzao."

"Vyote?"

"Vyote. Hatukuja kufanya kazi nusu."

Somoe alitazama jaruba, akamtazama mama yake. Jaruba lile lilikuwa la Bi Asumini. Aliachiwa na mama yake, na siku moja lingekuwa la Somoe, maana kwao mashamba hufuata akina mama, na mume ndiye anayehamia kwa mke. Alikuwa na maneno tele mdomoni, yote mabaya. Akayameza.

"Ahsante, mama."

"Si mimi peke yangu. Uwapitie na wenzangu uwashukuru, wanakungoja. Na Stella usimsahau, ile mirefu ni ya kwake."

Basi Somoe, na miguu yake ileile iliyovimba, alipita nyumba baada ya nyumba kuwashukuru watu kwa kumharibia shamba. Kwa Stella alipewa kiti, akaelezwa kwa kirefu jinsi kiuno kilivyowauma. Kwa mwingine alipewa maji ya kunywa na nasaha, kwamba watu wa mradi ni wa kuitikia tu, si wa kuwafuata. Kila mahali aliinama, akasema ahsante, Mungu awalipe.

*

Bashiru alikuwa uani anafua nazi. Alipomwona mkewe anaingia alisimama, kisha akaona heri akae.

"Ulikuwepo?" Somoe akauliza.

"Nilikuwepo."

"Ukawaangalia."

"Nikawachemshia chai," Bashiru akasema, maana alikuwa mtu asiyejua kudanganya hata pale ambapo uongo ungemfaa.

"Chai."

"Na mihogo. Wewe ulitaka nifanyeje? Mkwe kaja na wanawake wazima, kanga viunoni, wanaimba. Mimi nisimame kwenye tuta niwaambie tokeni? Mimi nikimwona mama yako anakuja njiani naingia porini nimpishe. Usoni sijawahi kumtazama vizuri, leo nimfukuze shambani kwake?"

"Ungempa sababu."

"Sababu ipi?"

Sababu ilikuwa chini ya shati. Bashiru alivaa shati la mikono mirefu, limefungwa mpaka shingoni, jua liwe kali vipi, na watu walilihesabu kuwa heshima ya kijana wa Kilwa anayekaa ukweni. Ndani yake mgongo ulikuwa umebambuka ngozi tangu mabegani mpaka kiunoni, pale bomba la dawa lilipokuwa linavujia msimu baada ya msimu. Panakauka, panapasuka, panatoa maji, panakauka tena. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vinatetemeka, na kila asubuhi ni Somoe aliyemfunga vifungo. Tabibu wa zahanati alimwambia aache dawa, na hakumwambia kwa upole. Bashiru alitoka pale akamwapisha mkewe asimwambie mtu. Wateja wakisikia, nani atamwita tena? Na wakwe wakisikia? Mwanamume anayehamia ukweni anapokewa kwa ajili ya mikono yake. Mikono ikiharibika atafungiwa nguo zake kwa adabu nzuri kabisa na kurudishwa kwao.

Mwanzoni mwa msimu walikubaliana. Jaruba likifika mavuno bila dawa, Bashiru anatua bomba. Watu watakaoiga mistari watahitaji mtu wa kuwasukumia kipalizi, na mtu huyo atakuwa yeye. Likishindikana, anaendelea. Kuendelea huko kungefika wapi, Somoe alikuwa hataki hata kufikiri.

"Naing'oa," akasema.

"Miche ya mama yako?"

"Ya mama, ya Stella, ya kila mtu."

"Hawatakusemesha mwaka mzima."

"Afadhali nitapumzika."

Bashiru akacheka. Hapo alikosea.

"Usinichekee," Somoe akasema. "Nimechoka, Bashiru. Nimechoka na watu wanaonisaidia. Nimekaa na dada yako siku zote hizo sijalala, narudi nakuta kazi yangu imezikwa, kisha napita majumbani kusema ahsante, na mume wangu ndiye aliyewapikia chai. Ungeniacha niseme ukweli tangu mwanzo, mama asingetia mguu pale. Lakini hapana, heshima. Heshima inakuchubua ngozi wewe, na mimi inanitia wazimu."

"Mgongo wangu si wa kuonyeshwa kwa mkwe."

"Basi kapige dawa. Nenda. Bomba si lile pale."

Bashiru akainama, akaendelea kufua nazi. Ilimteleza mara mbili mkononi, na Somoe akaangalia pembeni, kwa sababu alikuwa bado ana hasira na hakutaka hasira ile imtoke mapema.

*

Jioni hiyohiyo Scholastica alifika kwa pikipiki yake ya mradi, kipalizi kimefungwa nyuma kwa mpira. Alikuwa mwanamke wa upande wa Masasi, mwepesi wa kutembea na mwepesi wa kuudhika. Alikwenda moja kwa moja bondeni, na Somoe akamfuata kama mwanafunzi aliyekosa. Scholastica alitazama jaruba, akavua kofia ngumu ya pikipiki, akatazama tena, utadhani kofia ndiyo iliyokuwa inamdanganya.

"Dada Somoe, hili ni jaruba la nani?"

"Langu."

"Hapana. La kwako nina picha yake." Akatoa simu, akamwonyesha. "Hili ndilo lako. Nimewaonyesha watu huko kote, nikasema nendeni Kitomanga mkaone mistari."

"Mama yangu alinisaidia."

Scholastica alijikalisha kwenye tuta bila kujali suruali yake.

"Kijiji nilichotoka," akasema, "kaka mtu kapita na gunia la mbolea ya chumvichumvi, kammwagia dada yake shamba zima. Zawadi. Kwingine mume kapiga dawa ya magugu akidhani mkewe kasahau. Mimi nafundisha, naondoka, halafu ndugu wanaingia. Sijui nifundishe nani sasa, nifundishe koo nzima?"

"Nitaing'oa."

"Lini? Kipalizi ni hiki kimoja, wanakigombea watu wa vijiji vyote. Kesho baada ya adhuhuri napita. Nikikuta mistari imefunguka nakuachia. Nisipoikuta nakipeleka kwingine, na nikirudi nacho huku magugu yatakuwa magotini. Na hayo maji yafungulie sasa hivi, unaizamisha ile yako midogo." Akainuka, akajipangusa. "Mimi siwezi kuwaambia watu wasipendane, dada. Lakini mnanitesa."

*

Asubuhi, jua lilipoanza kupanda, Somoe alikuwa tayari ndani ya tope, kanga kiunoni, anang'oa. Kazi yenyewe haikuwa ya kunyofoa tu. Kila shimo ilibidi achambue, atafute kile kimche chake chembamba kilichobanwa katikati ya mijitu, akishike kwa mkono mmoja, na kwa mwingine atoe wenzake polepole kisije kikang'oka nacho. Vingine aliviharibu. Akitupa miche kwenye tuta inaanguka kwa kishindo cha majimaji, na bondeni kishindo kama hicho husikika mbali.

Wa kwanza kufika alikuwa Stella.

"Wewe. Hiyo si ndiyo yangu?"

"Ndiyo yako. Samahani, Stella. Chukua ukapande kwako."

"Kwangu nimeshamaliza. Nilikupa wewe." Stella akaokota mche mmoja kwenye tuta, akautazama mizizi. "Yaani umeona ni takataka."

"Sikusema ni takataka."

"Umeutupa kama nini sasa?"

Akageuka akaenda kuita watu. Somoe akaendelea. Hakuwa amefika hata robo ya jaruba wanawake walipokuja, wakajipanga kwenye tuta wakiwa wamejifunga kanga kama wanaokwenda msibani, na mbele yao Bi Asumini. Safari hii hakusubiri shikamoo.

"Toka humo."

"Mama, nisikilize."

"Nimeshakusikiliza vya kutosha. Jana umepita kwa kila mtu hapa ukasema ahsante. Leo unatung'olea. Wenzangu hawa wana majaruba yao, wameyaacha, wamekuinamia wewe mpaka jua limewazamia. Nitawatazamaje?"

"Ile miche inaviua vile vimche vyangu, mama. Na kipalizi hakitapita."

"Kisipopita, mkwe atapiga dawa. Ameshindwa lini? Mume mpiga dawa yumo ndani, wewe unahangaika na chuma cha kusukuma. Unataka sifa za mradi tu." Sauti ya Bi Asumini ilianza kukatika. "Jaruba hili aliniachia mama yangu. Kama mikono yetu ni uchafu, toka. Nitampa mwenye kujua watu."

Neno hilo lilikuwa kubwa, na aliyelisema alijua. Somoe alibaki amesimama, tope magotini, miche imemjaa mkononi. Angeweza kuusema ukweli wa ule mgongo. Alikuwa nao pale ulimini, maneno matatu tu. Lakini aliapishwa, na aliyemwapisha alikuwa amesimama kule mbali njiani, nusu ndani ya vichaka, kama anavyosimama siku zote mkwewe akiwepo.

Kisha Bashiru akatoka vichakani. Alikuja kwa hatua za mtu anayekwenda kudaiwa, akapita mbele ya wanawake bila kuamkia, akashuka ndani ya jaruba mpaka alipokuwa mkewe. Akashika kifungo cha shingoni. Vidole vilitetemeka, kifungo kikamshinda. Akajaribu tena, watu wote wanamwangalia, kikamshinda tena. Somoe alinyoosha mikono amsaidie, ikawa tope tupu. Basi Bashiru akashika shati pindoni, akalivutia kichwani lote kwa pamoja, vifungo viwili vikakatika, na akageuka akampa mkwewe mgongo.

Mkwe hapewi mgongo. Mkwe haonyeshwi hata kifua. Wanawake wote waliinamisha vichwa, na Bi Asumini kwa mazoea ya miaka akajifunika uso kwa kanga. Alikaa hivyo kidogo. Halafu kanga ikashuka, kwa sababu alikwisha kuona.

"Somoe," akasema. "Ni nini hii?"

"Dawa, mama. Bomba linavuja."

"Tangu lini?"

"Msimu wa tatu huu."

Bi Asumini aliutazama ule mgongo. Palikuwa na sehemu mbichi na sehemu zilizokauka, na alama mbili za mikanda ya bomba zimeshuka kutoka mabegani, nyeusi. Inzi mmoja alitua, Bashiru hakuweza kumfikia, na hakuna aliyeweza kumfukuzia.

"Na majaruba yangu kayapiga yeye," Bi Asumini akasema taratibu, kama anajieleza mwenyewe. "Yote. Hata lile la kule juu. Kila magugu yakichomoza nasema, mwiteni mkwe. Anakuja, anapiga, anaondoka bila kuomba hata maji. Nami najisifu kwa watu, nasema nimepata mkwe ana adabu, hata shati havui. Siku ile ya mvua nilimwita ana homa. Nikasema afike hivyohivyo."

"Alikuja, mama."

"Najua alikuja."

Alikunja kanga yake, akaiingiza kiunoni, akashuka ndani ya jaruba. Hakwenda kwa binti yake wala kwa mkwewe. Alikwenda pembe ya mbali, alikoanza kujaza yeye mwenyewe siku ile, akainama, akashika fungu la kwanza, akaling'oa lote zima, na kimche cha Somoe ndani yake.

"Si hivyo, mama," Somoe akasema. Alikuwa analia na alikuwa amekereka, vyote kwa pamoja. "Unatoa mpaka changu. Mkubwa unautoa, mdogo unauacha."

"Nionyeshe basi, usinigombeze."

Somoe akaenda akamwonyesha. Bi Asumini akajaribu la pili, taratibu, akalipatia. Wanawake wawili wakashuka kutoka kwenye tuta, kisha wengine, wakinung'unika kuhusu viuno vyao. Stella alibaki juu na mche wake mkononi. Bashiru alikuwa bado amesimama pale katikati, shati mkononi, hajui aende wapi.

"Baba," Bi Asumini akamwita, bila kuinua kichwa. "Kesho unapiga kwa nani?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwuliza neno bila kulipitisha kwa mtu mwingine.

"Kwa Stella, mama."

"Huendi."

"Nimeshamwahidi, mama."

"Nimesema huendi. Wala kwangu huji tena na kile kitu."

"Ehe," Stella akasema kule juu. "Na magugu yangu mimi atayatoa nani?"

Watu waliendelea kung'oa. Bi Asumini alichambua shimo lake, akaacha kimche kimoja kimesimama peke yake kwenye tope, akakitazama kwa mashaka yaleyale aliyokuwa nayo tangu mwanzo.

"Teremka," akamwambia Stella. "Huku tukimaliza tutakuja kukutolea kwa mikono."